Usome muziki rasmi au uendelee kupiga kwa raha zako? Namna ya kujipima kabla hujaamua

Kuna swali ambalo karibu kila mtu anayepiga ala au kuimba linamfikia, saa ingine analetewa na mzazi, saa ingine na rafiki aliyemsikia akipiga akamwambia "we nenda kasome muziki, hicho kipaji kisikae bure", na mara nyingi linatoka ndani mwake mwenyewe pale anapokwama kwenye wimbo uleule wiki ya tatu na vidole havisogei. Niende nikasome muziki kwa utaratibu, na walimu na mitihani na cheti, au niendelee kupiga kwa raha zangu? Nataka tulijibu hatua kwa hatua, maana naona wengi wanalijibu kwa kupima vitu ambavyo sio vyenyewe. Wanajiuliza kama wana kipaji cha kutosha, kama umri umeenda, kama cheti kitaleta kazi. Hayo yana nafasi yake na nitayagusa, ila swali linaloamua maisha yako ya kila siku na ala yako ni jingine kabisa: nani atakuwa anachagua utakachopiga kesho?

Ukipiga kwa raha unachagua mwenyewe. Umeamka unataka rumba unapiga rumba, umechoka katikati ya wimbo unauacha, umependa kipande kimoja cha solo unakirudia mpaka majirani wakijue, na hakuna wa kukuuliza. Ukiingia shule unakabidhi huo uamuzi: mwalimu anachagua wimbo, silabasi inachagua skeli (ngazi za sauti za kufanyia mazoezi), kalenda inachagua siku, alafu jopo linatoa maksi. Kukabidhi hivo sio kitu kibaya hata kidogo, kuna watu wamefika mbali kwa sababu mtu aliwachagulia kitu ambacho wao wenyewe wasingekigusa kamwe. Lakini kuna wengine siku walipokabidhi ndo siku ala ilianza kuwa nzito mkononi. Kazi yako ni kujua uko upande gani, na hilo hulijui kwa kukaa na kuwaza, unalijua kwa kujaribu.

Anza na kinachokukwaza

Kabla hujafikiria shule yoyote, jirekodi. Simu inatosha. Piga vitu vitatu: kimoja unachokiweza vizuri, kimoja kinachokusumbua, na kimoja ukibuni papohapo bila kujiandaa. Usisikilize siku hiyohiyo, maana ukisikiliza wakati bado una joto la kupiga utasikia ulichokusudia badala ya ulichopiga kweli. Acha mpaka kesho, sikiliza na karatasi mkononi, alafu andika kila kinachokuudhi kwa maneno ya kawaida kabisa kama unamsimulia mwenzako. Usiandike "nahitaji kuboresha ufundi", hiyo haikusaidii. Andika "nikifika ile sehemu ngumu nakimbia tempo", "ile kodi (chord, sauti kadhaa zikipigwa pamoja) ya nne inasikika tamu ila sijui kwa nini, kwa hiyo siwezi kuitumia kwenye wimbo mwingine", "mkono wa kushoto unaanza kuuma nikipiga mda kidogo", "nina melodi kichwani ila siwezi kuitoa kwenye kinanda", "nikiwa peke yangu niko sawa, nikikaa na bendi napotea".

Sasa chukua hiyo orodha na uisome tena ukijiuliza kwa kila mstari, hiki kinatibiwa na nini? Hapa ndo watu wengi wanashangaa, kwa sababu sehemu kubwa ya orodha haihitaji shule ya muziki. Kukimbia tempo kunatibiwa na metronomu (kile kifaa cha kugonga mapigo sawasawa) na uvumilivu: punguza mwendo mpaka sehemu ngumu na sehemu rahisi zitoshane, alafu ukizoea weka metronomu igonge pigo la pili na la nne tu badala ya mapigo yote manne, uone kama unaweza kulibeba la kwanza mwenyewe. Hiyo moja itakufanyia kazi kubwa kuliko masomo mengi ya kulipia. Kutojua kwa nini kodi inasikika tamu ni nadharia, na nadharia ya msingi (jinsi skeli inavyojengwa, kodi zinavyotoka ndani ya skeli, ipi inavuta kwenda wapi) unaweza kuijua nyumbani ukiwa na kitabu kimoja kizuri na ala ya kujaribia, sharti tu kila unachosoma ukipige siku hiyohiyo na ukitafute kwenye wimbo unaoujua. Kama umetokea kwaya na unaimba kwa do re mi umeshatangulia sana, maana unasikia tayari umbali kati ya sauti na sauti, kilichobaki ni kujifunza majina yake kwenye ala.

Melodi ya kichwani isiyotoka ni suala la masikio. Dawa yake ni kudaka nyimbo. Chagua kipande kifupi tu, tuseme mistari minne ya wimbo, sikiliza bila kugusa ala mpaka uweze kuimba sehemu hiyo kwa usahihi, na hapa usijidanganye, kama huwezi kuimba basi bado hujasikia. Ukishaimba ndo uchukue ala uitafute. Alafu ihamishie kwenye kii nyingine (yaani sauti nyingine ya msingi), alafu nyingine, zipo 12 na zote ni zako. Ni kazi ya polepole na inachosha mwanzoni lakini hakuna mtu aliyeifanya mwaka mzima akabaki alipokuwa.

Kupotea kwenye bendi kunatibiwa na bendi. Samahani lakini hakuna njia nyingine. Tafuta watu, hata wawili, hata kama wanapiga aina ya muziki ambayo sio yako sana.

Mkono unaouma ni jambo tofauti na hayo yote na hili usilichelewe. Acha kupiga siku hiyo, na tafuta mwalimu wa ala yako akutazame unavyokaa na unavyoshika, na kama maumivu hayaondoki muone daktari. Huhitaji digrii hapo, unahitaji macho ya mtu anayejua. Mpiga piano Leon Fleisher alikuwa kileleni kabisa mwaka 1964 vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilipoanza kukataa amri, vikawa vinajikunja vyenyewe, na akakaa miongo akipiga kwa mkono wa kushoto na kufundisha na kuongoza okestra. Ugonjwa wake ni wa aina yake na sisemi kila maumivu ni huo, nachosema ni kwamba mwili wa mwanamuziki ndo ala ya kwanza, na iwe unasoma au hausomi usiulazimishe.

Baada ya kuchuja hivo angalia kilichobaki. Kama kimebaki "nataka kuandikia watu sita kila mmoja sehemu yake na sijui niandikeje", "nataka kusoma nota kwa haraka ile ya kukaa kwenye okestra", "nataka kufundisha muziki shuleni", hayo sasa yanaanza kuelekea shule. Kama hakijabaki kitu, basi labda unachotafuta ni mwalimu mmoja na wenzako wa kupiga nao, na hiyo ni bei rahisi zaidi kwa mfuko na kwa moyo.

Jua shule inapima nini

Watu wanaingia kwenye mfumo wa mitihani bila kuuliza mtihani wenyewe unaangalia nini. Chukua mfano wa gredi za ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa 1889 ambayo mitihani yake inafanywa nchi nyingi sana. Gredi zake za kupiga zinaenda 1 mpaka 8. Kwenye mtihani wa kawaida wa vitendo maksi zote ni 150 na kufaulu ni 100. Nyimbo tatu ulizojiandaa zinabeba 30 kila moja, yaani 90. Skeli na mazoezi ya aina hiyo, kwa ala nyingi, 21. Kusoma nota ambazo hujawahi kuziona, 21. Masikio, 18. Na ukitaka kuanzia gredi 6 kwenda juu wanakutaka uwe umeshafaulu gredi 5 ya nadharia au mbadala wake wanaoukubali.

Ona hizo namba zinakwambia nini. Zaidi ya nusu ni nyimbo tatu ulizoziandaa kwa miezi, kwa hiyo mtu anaweza kupanda gredi huku anajua nyimbo tatu tu kwa mwaka. Nimekutana na watu wenye gredi za juu ambao ukiwaambia "haya tupige tu kitu, kii ya G" wanaganda, na sio kosa lao, hakuna aliyewahi kuwaomba kufanya hivo. Upande wa pili nimeona wapigaji wa kwa sikio, hatari kabisa, ambao akiwekewa karatasi mbele anatoa macho na nafasi ya kazi inaenda kwa mwingine. Kila mtu anakua pale anapopimwa. Kwa hiyo kabla hujajiandikisha popote omba silabasi uisome mstari kwa mstari, uilinganishe na ile orodha yako ya kinachokukwaza. Kama havigusani hata kidogo, mtihani huo hata ukiupasua utabaki na shida zilezile. Faida moja kubwa ya gredi hizi ni kwamba hazina kikomo cha umri, mtu mzima anaanza gredi 1 bila shida, kwa hiyo ile hoja ya "nimechelewa" iweke pembeni.

Kuhusu kazi, tuseme wazi. Zipo kazi zinazotaka karatasi: kufundisha muziki kwenye mfumo rasmi wa shule, kufundisha chuo, tiba kwa muziki ambayo ni taaluma yenye mafunzo yake. Zipo ambazo karatasi haina nguvu sana: okestra nyingi kubwa, hasa raundi za mwanzo, zinasaili watu wakiwa nyuma ya pazia, jopo halimwoni mpigaji wala halijui alisoma wapi, wanasikia sauti tu. Na kwenye bendi hakuna atakayekuuliza digrii, watauliza unazijua nyimbo na unafika kwa wakati. Sasa pazia hilo lisikudanganye, kufikia kiwango cha kupita pale nyuma wengi wanakupata kupitia shule, ila wanachokinunua shuleni ni masaa na macho ya mwalimu, cheti ni cha ziada tu.

Raha na maksi zikikutana

Hapa ndo pananigusa zaidi kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wadogo wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama watachora, kundi lingine walipewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, na la tatu hawakupewa kitu. Baadae wakawaachia kalamu zilezile na uhuru wa kufanya wanachotaka. Wale walioahidiwa cheti toka mwanzo walichora kwa karibu nusu ya mda waliotumia wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Ni watoto na ni kuchora, usiubebe ukausimika juu ya kila mwanamuziki mzima, lakini mtu yeyote aliyewahi kupiga kitu alichokipenda mpaka kikawa wimbo wa mtihani anaelewa kinachosemwa pale. Kitu ulichokuwa unakifanya kwa sababu unakipenda kinaanza kufanywa kwa sababu ya kitu kingine, na hicho kingine kikiondoka, mkono hauendi tena kwenye ala wenyewe.

Alafu kuna upande wa pili ambao wapenda raha hawapendi kuusikia. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin. Wale bora walikuwa wanafanya mazoezi ya peke yao kama saa tatu na nusu kwa siku, kwa vipande vyenye mapumziko, na walipoulizwa walisema mazoezi hayo ndo kitu cha maana kuliko vyote katika kukua kwao, ila kwenye raha hawakuyaweka juu. Yaani hata wale waliofika, walioipenda fidla kuliko chochote, saa ya skeli ilikuwa kazi. Kwa hiyo ukiona mazoezi yanakuchosha usikimbilie kusema "basi muziki rasmi sio wangu". Uchovu wa mazoezi ni wa kila mtu. Kitu cha kuangalia ni kingine: baada ya kumaliza kazi uliyopewa, bado una hamu ya kupiga chochote cha kwako? Hilo ndo la kupima, na linapimika.

Wiki kumi na mbili za majaribio

Usijiandikishe miaka mitatu au minne kabla hujaishi kama mwanafunzi kwa wiki 12. Namna ya kufanya ni hivi.

Tafuta mwalimu, au kama haiwezekani mpigaji aliyekuzidi unayemheshimu, na umwambie wazi: kwa wiki 12 wewe ndo unachagua napiga nini, sitabisha. Mwombe angalau kitu kimoja kiwe ambacho usingekichagua mwenyewe, na hiki usikiruke kwa sababu ndo moyo wa jaribio lenyewe. Mpangie siku moja ya kila wiki ya kukusikiliza na mwisho wa wiki ya 12 upige mbele ya watu, hata watano, pamoja na mtu mmoja atakayekwambia kwa maandishi nini kilikuwa kizuri na nini hakikuwa. Bila hiyo sehemu ya kuhukumiwa hujajaribu shule, umejaribu masomo tu.

Masaa ongeza kidogokidogo. Mtu anayepiga nusu saa kwa siku akirukia saa tatu ghafla anatafuta kuumia. Wiki mbili za kwanza ongeza robo saa tu, ona mwili unasemaje, alafu endelea, na kila nusu saa simama utembee.

Weka daftari lenye sehemu mbili. Upande mmoja andika dakika ulizopiga ulichoagizwa, upande mwingine dakika ulizopiga bila kuagizwa na mtu. Usijilazimishe ule upande wa pili, uache uwe vile ulivyo. Usiandike hisia ndefu, dakika tu na neno moja, "sawa", "nzito", "tamu".

Mwisho soma ule upande wa pili. Ukikuta umebaki palepale au umekua, yaani kazi ya mwalimu imekufungulia vitu ukawa unavipeleka kwenye nyimbo zako mwenyewe, basi wewe unaweza kukabidhi uamuzi na usipotee, nenda kafanye usaili bila hofu. Ukikuta umekufa polepole, wiki ya tano sifuri, wiki ya nane sifuri, na hata baada ya onyesho la mwisho ala imekaa kwenye kona siku kadhaa, hiyo ni taarifa nzito na uiheshimu. Angalia kwanza isije kuwa ni mwalimu mbaya au ulikuwa unaumwa au kazini kulikuwa moto, na kama huna uhakika jaribu tena na mwalimu mwingine. Ila ukipata jibu hilohilo mara ya pili, acha kujibishana nalo.

Katikati ya hayo majibu mawili kuna watu wengi wanaokuta kwamba wanachokitaka ni nidhamu ya kila wiki bila mtihani. Hao mwalimu mmoja wa muda mrefu anawatosha, na hakuna sababu ya kuona aibu.

Waliotangulia hawakupita mlango mmoja

Ukibishana na watu kuhusu hili kila mmoja atakutajia jina moja la kumuunga mkono, kwa hiyo ni vizuri ujue majina ya pande zote. Erroll Garner hakujua kusoma nota na alipiga piano ya jazi ambayo waliosoma walikaa chini kuisikiliza. Fela Kuti wa Nigeria alipelekwa London 1958 asome udaktari, akajiandikisha Trinity College of Music, na muziki alioutengeneza baadae haufanani na chochote alichofundishwa pale. Mulatu Astatke alienda Uingereza kwa mpango wa uhandisi, akageukia muziki, akasoma mpaka Berklee huko Boston, na ile nadharia aliyoipata akaitumia juu ya skeli za kwao Ethiopia.

Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alifika New York 1944 kuingia shule ya muziki ya Juilliard, usiku yuko kwenye kumbi za jazi, mwaka uliofuata akaacha shule. Mpiga piano Sviatoslav Richter kwangu ndo wa kumfikiria sana hapa: alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa sehemu kubwa, akafika kwa mwalimu Heinrich Neuhaus kwenye konsavatoria ya Moscow akiwa na miaka 22, na akafukuzwa kwa kukataa masomo ya lazima yasiyo ya muziki, Neuhaus akamrudisha. Huyo alimkubali mwalimu, akaikataa silabasi. Kuna wanafunzi wa namna hiyo na wengi wanadhani hawataki kusoma kumbe hawataki sehemu moja tu.

Alafu Charles Ives, mtunzi wa Marekani. Alisoma muziki Yale akamaliza 1898, akaenda kufanya kazi ya bima, akaanzisha kampuni yake na mwenzake, na nyimbo akawa anaandika jioni na wikiendi. Kwa sababu muziki haukuwa unamlipia kodi ya nyumba aliweza kuandika vitu ambavyo wapigaji wa wakati wake walivikataa. Alisoma rasmi alafu akapiga kwa ridhaa yake, kwa hiyo ile hoja kwamba ukishasoma lazima ule kwa muziki haina msingi. Borodin, mtunzi wa Urusi, naye alikuwa profesa wa kemia St Petersburg, hakuiacha maabara.

Ukiamua kwenda

Usichague jina la shule, chagua mwalimu wa ala yako. Kabla ya usaili omba somo moja na yeye, shule nyingi zinaruhusu. Uliza dakika ngapi kwa wiki utakaa na mwalimu mmoja kwa mmoja, uliza vyumba vya mazoezi vinafunguliwa saa ngapi, uliza kama kuna sehemu ya kubuni papohapo na kama muziki unaoupenda wewe unahesabiwa au ni wa kupiga nje ya ratiba. Zungumza na waliomaliza, na zungumza zaidi na walioacha katikati, hao watakwambia vitu ambavyo kwenye tovuti ya shule havipo.

Ukikataliwa kwenye usaili usisome hilo kama hukumu ya masikio yako. Nina Simone, aliyekuja kuwa mwimbaji maarufu, alikataliwa na shule ya muziki ya Curtis Institute mwaka 1951 alipotaka kuwa mpiga piano wa klasiki. Omba maelezo kwa maandishi, yaweke kwenye ile orodha yako ya mwanzo, na urudi mwaka unaofuata kama bado unataka.

Na ukishaingia chagua kipande kimoja cha muziki ambacho hakitaonwa na mwalimu yeyote. Kisirekodiwe kwa ajili ya maksi, kisipelekwe kwenye darasa, kisisahihishwe. Inaweza kuwa nyimbo za aina moja, inaweza kuwa ala ya pili ambayo unaipiga vibaya. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi wote ninaowajua, kwa sababu miaka minne ya kusahihishwa kila siku inaweza kukufanya usiweze kupiga nota moja bila kusikia sauti ya mtu kichwani, na unahitaji mahali ambapo sauti hiyo haiingii. Masikio pia uyalinde: kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka mda salama unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 100 una kama robo saa tu. Vyumba vya mazoezi vyenye ngoma na maspika vinafika huko kirahisi, nunua vizibo vya masikio.

Ukiamua kubaki na raha yako

Raha bila mpangilio wowote inakauka, unajikuta unapiga nyimbo zilezile tano kwa miaka. Jiwekee vitu viwili vya nje: watu wa kupiga nao kwa siku inayojulikana, na mwalimu wa mara chache, hata mara moja kwa mwezi, unayemwendea na swali moja ulilolichagua wewe. Kila baada ya miezi michache daka wimbo mmoja wa aina usiyoizoea. Piga mbele ya watu hata kama ni sebuleni. Na usikubali mtu akuambie kwamba kwa kuwa hulipwi basi sio mwanamuziki, wala usikubali kila anayekusikia akusukume uifanye biashara. Ukitaka kujifunza nota jifunze, kusoma nota sio mali ya shule.

Kama tayari uko ndani na unataka kutoka

Usiache wiki ya mitihani ukiwa na hasira. Maliza muhula kama mwili unaruhusu, alafu uliza kuhusu kuahirisha mwaka, vyuo vingi vina utaratibu huo na nafasi yako inabaki. Mwezi wa kwanza nje usiguse kabisa kilichokuwa kwenye silabasi, uone mkono unaenda wapi wenyewe, na lile daftari la sehemu mbili lifungue tena. Ukikuta baada ya mda umerudi kwenye skeli na vile vipande vigumu bila mtu kukutuma, andika barua ya kurudi. Ukikuta unapiga vya kwako mpaka usiku na ya shule huyakumbuki, andika barua ya kuaga, na umfuate yule mwalimu wako wa ala umuulize kama atakubali uwe unakuja kwake binafsi mara moja moja.